Mkeo hana pepo, Baba Watatu

"Shikamoo mama. Nina miaka 41, mke na watoto watatu. Nyumba yetu ya Jorodom, hapa Katesh mkoani Manyara, ilisombwa na tope la Mlima Hanang Desemba 2023. Siku hiyo nilikuwa Arusha kikazi, ila mke wangu aliwahi kuwatoa watoto na mama yangu. Baadaye tulipewa nyumba kule Waret, walikojengewa waathirika. Ni nzuri, lakini iko mbali na duka langu la mjini. Isitoshe mimi ndiye mtoto wa kwanza, na kaburi la baba liko Jorodom. Nimeshafyatua tofali nijenge palepale, na ya Waret nimempata mtu wa kuipanga, ametanguliza kodi ya miezi sita. Mke amegoma kuhama. Mvua ikinyesha usiku anaamsha watoto na kuwavalisha viatu. Mama anasema ana pepo. Ndugu wanasema hanitii, nioe mwingine. Nifanye nini? Ni mimi Baba Watatu, Katesh."

Marahaba mwanangu, na pole. Kurudi ukakuta mahali ulipozaliwa pamejaa magogo na mawe ni msiba kama msiba mwingine. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma kwa utulivu na kuna maneno umeyapitisha haraka ukidhani sitayaona.

Umeandika "nilikuwa Arusha" kisha ukakimbilia habari za tofali. Hebu rudi hapo. Asubuhi ile ya Jumapili, Desemba 3, mlima uliposhuka watu wengine wakiwa bado wamelala, wakafa watu zaidi ya 80, wewe habari uliipata kwa simu. Unachokijua ni hasara: bati, vitanda, mbuzi. Mwenzako anajua mtoto anavyolia tope likimfika kiunoni. Halafu huyohuyo ndiye unayemwambia arudi akalale pale, na akikataa unaniandikia mimi kwamba hana utii. Asiyekuwepo na lake halipo, baba.

Na mama yako? Umesema mwenyewe kwamba mkeo ndiye aliyemtoa. Mwanamke aliyembeba mkwewe kwenye tope leo anaitwa mwenye pepo na yuleyule aliyebebwa, na wewe, mtoto wa kwanza, umenyamaza. Sijasoma popote kwamba ulimwambia asante. Kama ulimwambia, ungeiandika, kwa sababu mambo mazuri uliyofanya hukuyasahau hata moja.

Pepo hana. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kuwavalisha watoto viatu mvua ikianza ni akili ya mtu aliyewahi kukimbia peku juu ya mawe. Ila kama halali kabisa usiku kucha, hali chakula, anatetemeka mchana kukiwa na wingu tu, mpeleke hospitali ya wilaya akaonane na daktari, na muulizeni afisa ustawi wa jamii kuhusu ushauri nasaha. Nenda naye wewe mwenyewe, usimtume na shemeji.

Sasa kiwanja. Najua mtaani wapo wanaosema lile limeshapita, halirudi. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba mlima haukulipuka: sehemu yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua, ikazidiwa, ikameguka, na tope likafuata njia ya maji hadi kwenye makazi. Hanang una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na Katesh iko miguuni pake. Mlima haujahama, na njia ya maji ni ileile. Masika na vuli zitakuja kila mwaka. Nani kakupa hakikisho mpaka ufyatue tofali? Maji hayajui kwamba wewe ni mtoto wa kwanza.

Ardhi ya baba huipotezi kwa kutolala juu yake. Panda mahindi na maharage. Safisha kaburi, nenda na watoto mchana wamjue babu yao, jioni rudini Waret. Hata marehemu, kama alikuwa baba mwenye mapenzi, hawezi kufurahi wajukuu wake wakilala korongoni ili wamlinde yeye ambaye hadhuriki tena.

Hilo la mpangaji ndilo lililonikasirisha. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inakataza mume au mke kuuza, kugawa, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Kupangisha imo. Unaposema umempata mtu na ameshatanguliza miezi sita, maana yake mkeo alipewa taarifa, hakuulizwa. Ndiyo maana amegoma! Mimi nisingehama hata kwa winchi.

Na hapa niseme na wengine pia, maana barua za namna hii napata nyingi. Ndoa za siku hizi mwanamume anahesabu nyumba ni yake na mke ni mgeni wa kudumu. Akijenga anasema "nyumba yangu", ikibomoka anasema "tumepata hasara". Na nyinyi wanawake mnaonyamaza kiwanja kikinunuliwa, hamjui hata karatasi zimeandikwa jina la nani, mkiamka ni siku ya matanga. Zamani wazee walikaa kikao kabla ya kuinua nguzo, na bibi wa nyumba aliulizwa mlango utazame wapi, kwa kuwa yeye ndiye atakayekaa humo. Leo kikao ni cha ndugu wa mume kwenye kundi la simu, na mwenye jiko hayumo.

Ndugu zako wanaokushauri uoe mwingine, waulize huyo mpya watampeleka wapi. Jorodom, chini ya mlima? Mwambieni ukweli kabla ya mahari.

Duka ni kweli liko mbali, hilo sikubishii. Nauli ya kila siku inauma. Basi uza zile tofali, kuna watu wengi wanajenga, na pesa hiyo iongezee nauli au ufungue genge dogo hukohuko Waret ambalo mkeo atalisimamia. Kaya zaidi ya 100 zimehamia kule, na zote zinanunua chumvi na sabuni.

Mama yako mwite mkae watatu. Useme mbele yake, kwa mdomo wako, nani aliyemtoa kwenye tope. Usimwachie mkeo ajitetee mwenyewe.

Lakini kwanza kabisa, kabla hujamwita mtu kikaoni, yule mpangaji mrudishie kodi yake yote.