Oats kwenye smuthi: vijiko vitatu ni kalori ngapi? Mimi nilipima

Mleta mada, swali lako nimelisoma mara mbili maana mwaka juzi lilikuwa swali langu. Unasema kila asubuhi unasaga ndizi, maziwa na vijiko vitatu vya oats. Programu moja ya simu inakwambia gramu 100 za oats zina kalori 71, nyingine inakwambia 379. Mwezi wa pili huu uzito haujasogea, smuthi inabaki na chengachenga, na juu ya hayo wifi yako kakutisha kwamba oats zisizopikwa zinavimba tumboni. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio huo.

Hizo namba mbili zote ni za kweli. 71 ni ya uji, yaani oats zilizokwisha kupikwa kwa maji matupu. 379 ni ya oats kavu kama zinavyotoka kwenye pakiti. Maji hayana kalori, kwa hiyo gramu 40 za oats kavu zina kama kalori 150, na ukizipika zikajaa bakuli bado zina 150 zilezile. Wewe unazitia kavu kwenye blenda, basi chukua namba ya kavu. Ukipima kavu halafu ukaandika kwa namba ya uji, unajiandikia moja ya tano ya ulichokunywa.

Na pakiti nayo isome vizuri. Nyingi zinazofika kwetu zinaandika nishati kwa kilojuli, kJ, kabla ya kalori. Mdogo wangu alinipigia siku moja anahema: "Dada, hizi oats zako zina elfu moja mia tano na themanini!" Nikamwambia gawa kwa 4.18. Akagawa, ikaja kama 378, akakata simu bila kuaga.

Sasa nije kwangu. Mimi ni mtunza stoo. Kazini kwangu hakuna mtu anayeandika "kiasi" au "kidogo hivi" kwenye leja. Kila kitu kinapanda mzani, na mzani wenyewe una stika ya Wakala wa Vipimo. Halafu narudi nyumbani nachota oats kwa kijiko cha kulia wali, namimina asali mpaka mkono uchoke, naandika kwenye simu "smuthi, kalori 410". Hiyo 410 niliitoa wapi? Niliikuta humo kwenye programu, kaiweka mtu mwingine kabisa kwa smuthi yake, nami nikaichukua kwa kuwa ilinipendeza.

Miezi minne hivyo. Nguo hazilegei. Nikaanza kulaumu oats, nikaacha wiki mbili, nikarudi kwenye chai na maandazi, nikaongezeka. Hapo ndipo nilinunua mzani mdogo wa jikoni, wa betri, wa kupima mpaka kilo tano.

Jumamosi asubuhi nikaamua kutengeneza smuthi yangu ileile, bila kubadilisha kitu, ila kila kinachoingia kipite kwenye mzani. Niliweka jagi la blenda juu ya mzani, nikabonyeza kitufe cha kurudisha sifuri. Vijiko vitatu vya oats, vya mlima kama kawaida yangu: gramu 42. Nikarudisha sifuri. Ndizi mbivu mbili, zimemenywa: 190. Sifuri. Maziwa ya ng'ombe yenye mafuta yake, glasi kubwa: 300. Kijiko cha siagi ya karanga, kile cha kujaa mpaka kinainama: 34. Tende nne ndogo bila kokwe: 32. Asali niliimimina kama ninavyoimimina siku zote huku natazama dirishani, nisijionee huruma. 30.

Nikakaa na kalamu. Oats 160. Ndizi 170. Maziwa 185. Siagi ya karanga 200. Tende 90. Asali 90. Jumla 895.

Mia nane tisini na tano! Na nilikuwa nainywa kama kinywaji, pembeni nina mayai na mkate.

Tazama oats zimekaa wapi kwenye hiyo orodha. Kitu nilichokilaumu ni cha nne, nyuma ya siagi ya karanga, maziwa na hata ndizi. Tende na asali kwa pamoja zinazipita. Ndiyo maana nasema mleta mada, kabla hujauliza oats zina kalori ngapi, nitajie kila kinachoingia kwenye hilo jagi. Umeandika "ndizi na maziwa". Hakuna asali? Hakuna kijiko cha sukari? Mtindi wa ladha ya vanila je? Ule una sukari yake tayari, wala usiuhesabu kama mtindi wa kawaida. Na parachichi, ambalo watu wa smuthi wanalitia kama maji, lina kalori 160 kwa kila gramu 100. Papai ni kama 43 tu. Matunda si kitu kimoja.

Turudi kwenye kijiko, maana hapa ndipo swali lako lilipo hasa. Nilichota kijiko cha chakula nikakisawazisha juu kwa kisu: gramu 6. Nikachota mkono wangu wa kawaida: 14. Nikamwita mume wangu achote bila kumwambia kwa nini: 17, na mbili zimemwagika mezani. Kwa hiyo "vijiko vitatu" kwangu inaweza kuwa gramu 18 au 42, yaani kalori 70 au 160. Hakuna programu itakayokujua wewe ni mchotaji wa aina gani. Na oats nazo zinatofautiana: zile pana nzimanzima zinaacha hewa katikati, zile laini za kupika haraka zinajaza kijiko. Ukubwa uleule wa kijiko, uzito mwingine.

Huna haja ya kupima maisha yako yote. Mimi nilipima wiki tatu, kisha nikatafuta kikombe kidogo cha kahawa ambacho oats zangu zikifika ukingoni ni gramu 30. Kinakaa ndani ya kopo la oats. Nikibadilisha aina ya oats nakipima upya, basi.

Mambo ya mzani ambayo hawakuambii dukani. Mzani huu mdogo hausikii vitu vyepesi vikidondoka polepole. Ukinyunyiza oats chembe kwa chembe unaweza kuongeza gramu tatu na namba isisogee. Mimina kwa mkupuo. Usiuweke juu ya kitambaa. Na kuujua kama ni mkweli, weka chombo kitupu, rudisha sifuri, mimina maji mililita 500 kutoka kwenye chupa iliyopimwa: ikija karibu na gramu 500, huo unafaa kwa jikoni.

Ukisagia familia usigawe kwa glasi. Blenda inatia povu, na aliyepewa ya kwanza amepewa hewa. Pima jagi tupu, andika. Pima likiwa na smuthi, toa. Tuseme smuthi yote ni gramu 900 na viungo vyake vyote ni kalori 1,080: kila gramu 100 ni kalori 120. Kisha mimina glasi yako juu ya mzani. Hii kwangu ni hesabu ya stoo tu, lakini nimeona wengi wakiisaga kwa ajili ya wanne halafu wanagawa kwa nne, na msagaji ndiye mwenye glasi kubwa.

Sasa hofu ya wifi. Oats za pakiti si mbichi kama mahindi ya ghalani. Kiwandani zinamenywa, zinapitishwa kwenye mvuke wa moto, ndipo zinabanwa na kuwa zile bapa. Kwa hiyo kuzisaga bila kupika hakuna ubaya. Kuvimba zinavimba kweli, kwa sababu zinanyonya maji, na ukianza ghafla na nyingi wakati tumbo lako halijazoea nyuzinyuzi utajuta. Mimi wiki ya kwanza tumbo liliunguruma kwenye kikao mpaka aliyekaa jirani akanisogezea biskuti akidhani nina njaa. Anza na gramu 15, ongeza taratibu, na kunywa maji. Zile za punje zilizokatwakatwa, ngumu kama mchele, hizo usizisage kavu. Ziloweke usiku kucha kwenye friji au zipike.

Ambacho siwezi kukuhakikishia usalama wake ni unga wa lishe au unga wa ulezi kutiwa mkavu kwenye blenda. Nimeona video za namna hiyo. Unga huo haukupita kwenye mvuke; umetoka mashineni mtaani kwako. Upike uji, uache upoe, ndipo usagie na ndizi. Ni mtamu sana na ni nafuu kuliko oats, ambazo kwetu ni bidhaa ya kutoka nje. Kwa kalori hazipishani kiasi cha kukuumiza kichwa, nafaka kavu nyingi ziko kwenye mia tatu na kitu kwa gramu 100. Mtu asikuuzie oats kama kitu cha kukata mafuta.

Basi faida yake iko wapi? Ute. Ule unaokufanya uone smuthi imekuwa nzito ukiiacha dakika kumi. Unaitwa beta-glukani, na ndio uliofanya FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, mwaka 1997 iruhusu pakiti za oats kuandika habari ya kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Lakini kiwango kilichotajwa ni gramu 3 za ute huo kwa siku, na oats kavu zina kama gramu 4 kwa kila 100. Piga hesabu: ni gramu 75 hivi za oats. Kikombe changu cha gramu 30 hakifiki hata nusu. Naweka oats kwa sababu zinanishibisha mpaka saa sita mchana, si kwa sababu ni dawa.

Na hata kushiba huko kuna masharti. Ukisaga mpaka iwe kama maji, ukainywa kwa mrija umesimama, nusu saa baadaye unatafuta kitafunwa. Mimi naiacha nzito, naila kwa kijiko nimekaa. Kwetu Tanga bibi yangu oats alikuwa akiziita kweka, kwa lile jina la Quaker la kwenye kopo, na matumizi yake yalikuwa shurba, ile supu nzito ya nyama, wakati wa Ramadhani. Angeniona nazisaga na ndizi angedhani nimechanganyikiwa, ila kula kwa kijiko angekubali.

Ninayotengeneza siku hizi: oats gramu 30, ndizi moja ya kama gramu 100, papai 150, mtindi usio na sukari 150, maji ya baridi, mdalasini. Nikijumlisha inakuja kama 360, na ndiyo kifungua kinywa chenyewe, hakuna mkate pembeni. Siagi ya karanga bado naipenda. Jumapili naweka gramu 15 na naiandika. Kwa miezi mitatu nilipungua kilo nne. Kuna watakaosema ni kidogo. Sawa.

Usifukuzane na kalori moja moja, maana hizo namba zenyewe ni makadirio. Ndizi iliyoiva hailingani na ya jirani yake, na hata za pakiti zinapatikana kwa kukadiria: gramu ya protini au wanga nne, gramu ya mafuta tisa, jumlisha. Kosa la kalori 10 halimuumizi mtu. Kosa langu lilikuwa la karibu 500.

Kama una kisukari au unamsagia mzazi mwenye kisukari, kalori peke yake hazitoshi kukuongoza. Oats zikisagwa laini, na hasa zile za kupika haraka, sukari yake inaingia damuni upesi kuliko za punje nzito, na ndizi mbivu na tende zinaongeza yake. Mama yangu kliniki walimwambia apime sukari kabla na saa mbili baada ya kula chakula kipya. Smuthi ilimpandisha, uji mzito wa oats bila ndizi haukumpandisha hivyo. Wako anaweza kuwa tofauti, muulizeni daktari wake.

Kuhusu chengachenga ulizolalamikia: saga oats kwanza, peke yake, kavu, mpaka ziwe unga, ndipo utie maji na matunda. Au zitie kwenye maziwa uende ukaoge, ukirudi saga. Usichuje, utakuwa unatupa ulichokinunulia. Na jagi lisuuze palepale. Oats zikikauka chini ya visu vya blenda zinashika kama gundi, mimi nimeshang'oa mpira mmoja nikizikwangua.