Wasomaji Wanauliza: Mwili Umelala, Macho Makavu

Swali: Wataalamu wetu, salaam. Nilishauriwa nikaze na kulegeza misuli kila nikipanda kitandani. Nafanya hivyo, lakini nikimaliza nakuwa macho kuliko nilivyoanza, na juzi mguu ulinikakamaa nusura nipige kelele. Nakosea wapi?

Jibu: Salaam nawe. Kwa maelezo yako tunaona makosa mawili: unakaza kwa nguvu zote, na unahama haraka kutoka kiungo kimoja kwenda kingine. Mbinu hii ilienezwa na daktari wa Marekani, Edmund Jacobson, aliyeandika juu yake mwaka 1929. Shabaha yake ilikuwa kumfundisha mtu kuigundua misuli iliyokaza bila mwenyewe kujua, kisha kuiachia. Ukikaza hadi kutetemeka, moyo unakwenda mbio na usingizi unazidi kukimbia.

Tumia nusu tu ya nguvu zako. Kaza kwa sekunde 5, achia kwa mkupuo mmoja, kisha tulia sekunde 20 hadi 30 ukifuatilia uzito na joto linalobaki mahali pale. Hizo sekunde za kutulia ndizo dawa, na ndizo wengi wanazozikata. Anza na ngumi ya mkono wa kulia, kisha ya kushoto, panda kwenye mikono yote, paji la uso, macho, taya, mabega (yapandishe kuelekea masikioni), tumbo, makalio, mapaja, malizia na miguu. Taya liangalie kwa makini: likilegea kweli, meno ya juu na ya chini hayagusani ingawa midomo imefumbwa. Yakigusana, bado hujaachia.

Kuhusu mguu kukakamaa, bila shaka unanyoosha vidole mbele. Hapo shavu la mguu linajikunja na kunasa. Fanya kinyume chake: vuta vidole kuelekea magotini, kwa sekunde 3 tu. Penye jeraha, maumivu au mahali palipofanyiwa upasuaji usipakaze kabisa, pitisha mawazo tu hapo na kupalegeza.

Jambo moja zaidi, na kwetu ndilo kubwa: jifunze mchana. Keti kwenye kiti dakika 10 hadi 15 kila siku kwa wiki mbili hivi, ndipo uipeleke mbinu kitandani. Anayejifunza usiku wa manane huwa anajipima kila dakika, “je, nimeanza kusinzia?”, na kujipima huko ndiko kunakomwamsha. Mwili ukishazoea, hutahitaji tena kukaza. Utapitia viungo ukiviachia tu.

Swali: Ile pumzi ya kuvuta kwa hesabu ya 4, kuzuia kwa 7 na kutoa kwa 8 inanipa kizunguzungu na vidole vinapata ganzi. Niendelee nitazoea?

Jibu: Hapana, usiendelee hivyo. Ukiambiwa uvute pumzi ndefu, ni rahisi kujaza kifua hadi juu, mara nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Hewa ukaa inapungua mno kwenye damu, mishipa ya damu ya ubongo inasinyaa kidogo, na matokeo yake ni hicho kizunguzungu na ganzi.

Acha kuzuia pumzi. Vuta kwa pua ukihesabu 4, toa polepole ukihesabu 6, kila hesabu kama sekunde moja. Hiyo ni pumzi 6 kwa dakika. Iwe nyepesi, kiasi kwamba aliye kando yako asiisikie. Weka kiganja kimoja kifuani na kingine juu ya kitovu: cha chini kipande, cha juu kitulie. Utoaji unazidi uvutaji kwa sababu moyo huongeza kasi kidogo pumzi inapoingia na kuipunguza inapotoka. Dakika 5 hadi 10 zinatosha. Ukihisi kukosa hewa, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida, na siku inayofuata anza na 3 kwa 4. Mwenye pumu au ugonjwa wa mapafu amuulize daktari wake kwanza.

Swali: Mwili wangu unalegea vizuri, lakini kichwa kinaanza kupanga kazi za kesho na madeni. Kuna mbinu ya kuzima mawazo?

Jibu: Mawazo hayazimiki kwa amri. Ukijikataza kuwaza deni, utaliwaza hilohilo. Yape mahali pengine pa kukaa. Kabla ya kupanda kitandani, tumia dakika 5 kuandika kwenye karatasi mambo unayopaswa kufanya siku zijazo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, walichapisha mwaka 2018 jaribio lililoonyesha kwamba walioandika orodha ya namna hiyo walipata usingizi mapema kuliko walioandika mambo waliyokwisha kuyamaliza. Andika kinaganaga: “saa 3 asubuhi nimpigie fundi”, si “mambo ya nyumba”.

Ukiwa kitandani, chukua neno lisilokugusa moyo, mathalani kasuku. Kwa silabi ya kwanza tafuta vitu: kamba, kanzu, kabati. Kisha sufuria, sungura, suruali. Kisha kufuli, kuni, kuku. Kila kimoja kitazame akilini kwa sekunde chache, usivifungamanishe kuwa hadithi. Picha zisizo na mpangilio zinafanana na zile zinazopita mtu anapoanza kusinzia, tena haziachi nafasi ya kupiga hesabu za madeni.

Swali: Nijaribu kwa muda gani kabla ya kukata tamaa?

Jibu: Mtu mzima kuchukua dakika 10 hadi 20 kabla ya kusinzia ni kawaida kabisa. Ukikadiria dakika 20 zimepita (kadiria tu, saa igeuze uso ukutani), ondoka kitandani, keti penye mwanga hafifu bila simu, na urudi kope zikiwa nzito. Ukibaki unajigeuzageuza, mwili unazoea kukesha hapohapo kitandani. Na kabla ya kulaumu mbinu, angalia kahawa: nusu ya kafeini iliyomo hubaki mwilini kwa takriban saa 5, hivyo kikombe cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku.

Ukikosa usingizi usiku 3 au zaidi kwa wiki, kwa miezi 3, au ukikoroma na kushtuka ukihema, nenda hospitali. Uliza kuhusu tiba ya fikra na tabia kwa wanaokosa usingizi. Hiyo hupendekezwa ianze kabla ya vidonge.