Baraza la Rufaa likikataa, mahakama bado ipo

Pole sana dada. Mumeo aliumia mgongo kazini huko Ohio, Marekani, Social Security (idara ya serikali inayolipa pensheni na malipo ya ulemavu) wakamnyima malipo ya ulemavu, na sasa Baraza la Rufaa, ngazi ya mwisho ya rufaa ndani ya idara hiyo, nalo limekataa. Msikate tamaa: mnaweza kufungua kesi mahakama ya shirikisho ya wilaya.

Angalieni leo hii tarehe ya barua ya Baraza. Mna siku 60 tangu kuipokea, nao huchukulia kwamba imefika siku 5 baada ya tarehe hiyo. Tunzeni hata bahasha. Nimesaidia ndugu kadhaa kupitia barua hizi, na wengi huponzwa na muda.

Jaji hasikilizi kesi upya. Anasoma jalada lilelile, akipima kama uamuzi una ushahidi wa kutosha na sheria ilifuatwa. Kwa hiyo tafuteni kasoro humo, mfano ripoti ya daktari ambayo uamuzi haukuigusa kabisa. Mkishinda, mara nyingi kesi hurudishwa Social Security isikilizwe tena. Hela haziji papo hapo.

Ada ya kufungua kesi ni dola 405, ila asiyejiweza huomba asamehewe. Tafadhali msiende bila wakili wa kesi hizi. Wengi hulipwa mkishinda tu, na kwa kazi ya mahakamani sheria haiwaruhusu kupita asilimia 25 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma ambayo mumeo hakulipwa.