Kwa mwalimu anayeanza kutumia kopasi kuwafundisha Wachina Kiingereza

Mwalimu mwenzangu unayeanza kazi hii, ninaomba usiifungue kopasi kabla hujasoma insha za wanafunzi wako. Kopasi, yaani hazina ya matini halisi zilizohifadhiwa katika kompyuta ili ziweze kupekuliwa neno kwa neno, hufaa pale tu inapoulizwa swali, na swali lenye manufaa hutokana na kosa ambalo mwanafunzi amelirudia hata baada ya kusahihishwa.

Katika mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha chuoni nchini China, nilikutana na "learn knowledge" karibu katika kila rundo la insha. Kosa hilo lina asili yake, kwa kuwa Kichina husema "xuexi zhishi", kitenzi cha kujifunza kikifuatwa na nomino ya maarifa, na mwanafunzi huihamisha jozi hiyo kama ilivyo. Nilikata kwa wino mwekundu, nikaeleza, na wiki iliyofuata likarudi. Hatimaye nilitoa mistari 20 yenye neno "knowledge" katika Kopasi ya Taifa ya Uingereza, yenye maneno milioni 100, nikaichapa neno hilo likiwa limesimama katikati ya ukurasa, kisha nikawaagiza wanafunzi wakipigie mstari kitenzi kilicho kushoto kwake. Walikuta "acquire", "gain", "have" na "share". Msichana mmoja wa safu ya nyuma aliipitia karatasi mara mbili, kisha akauliza "learn" iko wapi. Sikumjibu, na wenzake wakaanza kuitafuta pamoja naye. Kosa halikutoweka siku hiyo, ila katika insha zilizofuata niliona mahali pengi ambapo "learn" imeandikwa, ikafutwa na mwandishi mwenyewe, na "gain" ikawekwa juu yake.

Zoezi hilo lilifaulu kwa sababu mistari ilikuwa 20, wala si 2,000, na kwa sababu niliichagua mmoja mmoja. Hapa ndipo walimu wengi wapya wanapojikwaa. Mistari iliyochotwa ovyo hujaa majina ya watu, istilahi za sheria na sentensi zilizokatwa katikati, na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huishia kupekua kamusi badala ya kuona maneno yanavyoandamana. Chagua mistari anayoweza kuisoma, lakini usiibadilishe hata neno moja, kwani thamani yake yote imo katika kuwa imeandikwa na watu waliokuwa na jambo la kusema.

Jifunze pia kuipanga. Programu ya AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda na inayopatikana bila malipo, huweza kupanga mistari kwa kufuata neno la kushoto au la kulia. Kwa "knowledge" panga kwa kushoto. Kwa "discuss", ambayo wengi huiongezea "about", panga kwa kulia. "Although" ina shida nyingine. Kichina huanza na "suiran" (ingawa) na kuendelea na "danshi" (lakini), nasi Waswahili tunaielewa hali hiyo vizuri, maana wengi wetu husema "ingawa" na kuifuatisha na "lakini". "But" isiyotakiwa hukaa mbali na "although", kwa hiyo mpe mwanafunzi sentensi nzima.

Zipo pia kopasi za wanafunzi wenyewe. Ile ya Kiingereza cha Wanafunzi wa Kichina, iliyochapishwa mwaka 2003 na Gui Shichun na Yang Huizhong, ina maneno yapatayo milioni 1 kutoka kwa wanafunzi wa sekondari hadi wa vyuo vikuu, na makosa yake yamewekewa alama. Ukiilinganisha na ile ya Uingereza, usitazame idadi ghafi: neno linalotokea mara 50 katika maneno milioni 1 lina kiwango sawa na linalotokea mara 5,000 katika maneno milioni 100. Kumbuka tena kwamba hayo ni maandishi. Kuchanganya "he" na "she" ni kosa la mdomo zaidi, kwa kuwa Kichina huandika herufi tofauti kwa mwanamume na mwanamke lakini hutamka "tā" ileile. Nasi wenye "yeye" mmoja tunajua jinsi ulimi unavyoteleza. Kwa kosa hilo itakubidi urekodi mazungumzo darasani.

Ndiyo maana nakushauri uanze mapema kujikusanyia kopasi yako ndogo. Omba ridhaa ya wanafunzi, ondoa majina yao, hifadhi kila insha katika faili la maandishi matupu lenye kiwango cha darasa na tarehe, na usisahihishe chochote ndani yake, hata tahajia. Insha 200 za maneno 150 zinakupa maneno 30,000. Anza kwa kutafuta "with the development of", ufunguzi ambao wanafunzi wengi huurudia, uhesabu ni insha ngapi zinazofunguliwa nayo, kisha upange kazi ya wiki ijayo.