Naenda kujitolea Phuket, nile vya barabarani au nisile?

SWALI: Shikamoo anti. Mimi binti wa Mwanjelwa, Mbeya, nimepata nafasi ya kujitolea shuleni Phuket, Thailand, Septemba mpaka Novemba. Nasikia kipindi hicho kuna tamasha, barabara nzima watu wanauza vyakula. Mama anasema nisithubutu, tumbo likiharibika ugenini nani ataniuguza, alafu wenzangu wa kwaya wanasema kile ni chakula cha miungu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera. Mimi nipo Iringa lakini nilishajitolea kulekule na hilo tamasha likanikuta. Ni tamasha la kula mboga, siku 9 za mwanzo za mwezi wa 9 kwa kalenda ya Kichina, kwetu inaangukia mwisho wa Septemba au Oktoba. Wenyeji wanasimulia kwamba mwaka 1825 kikundi cha maigizo cha Wachina kilikuja Kathu, hapohapo Phuket, kutumbuiza wachimba bati, wakaugua, wakaacha nyama wakaomba miungu yao wakapona. Ndo mana siku hizo hakuna nyama, samaki, mayai wala maziwa, hata vitunguu na saumu havigusi sufuria.

Mimi siku mbili za mwanzo nilijifungia hosteli nakula mkate, yani mpaka leo roho inaniuma. Siku ya tatu mama wa mwanafunzi wangu akanishika mkono akanipeleka kwa muuzaji mmoja, juu kuna kibendera cha njano chenye herufi nyekundu (hiyo ndo alama ya kuangalia), chini karai la mafuta linachemka. Anakaanga nini? Magimbi! Yaleyale ya Tukuyu, kayakata vipande kama kidole, anachovya kwenye uji mzito wa unga anatumbukiza, yakitoka anakupa na kisosi kitamu chenye karanga za kusaga. Nilikula nimesimama machozi yananilenga, nikajiona nipo nyumbani.

Mama yako hajakosea kuogopa, ila dawa sio kususa. Kula kinachotoka motoni unakiona, kwenye foleni ya wenyeji, kilichokaa toka asubuhi kiache, maji kunywa ya chupa, na beba pakiti za ORS toka Mbeya. Jicho unalochagulia chipsi hapo Mwanjelwa ndo hilohilo.

La imani nalichukulia kwa uzito. Vyakula vya sadaka vinawekwa kwenye meza za mahekalu, huyu wa barabarani yupo kwenye biashara yake, mimi nilikula na dhamiri yangu ilitulia. Yako ikikataa, kutanisha viganja kifuani, inamisha kichwa, tabasamu, hawakasiriki. Ongea na mchungaji wako kabla ya safari, usisubiri ubabaike mbele ya mtu anayekukarimu. Na kwenye maandamano kuna watu wanajitoboa mashavu kwa vyuma na fataki zinalipuka hatari, kaa mbali.

Kingine hukuuliza lakini lazima niseme, kule hata kazi ya bure inahesabika kazi, usikubali kwenda na viza ya utalii, shule ikushughulikie karatasi zote kabla hujakata tiketi. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiisahau.

Ukifika muulize mwalimu mwenyeji, yeye siku za tamasha huwa anakula kwa nani? Muombe akupeleke, uanzie hapo.