Brazili moja, mbona kama nchi mbili?

SWALI: Habari za kazi wapendwa, mi ni fundi simu hapa Tanga na Brazili naipenda tangu mdogo sababu ya mpira. Juzi naangalia picha za mji unaitwa Blumenau, nyumba za Kijerumani kabisa, watu weupe wamevaa kaptula za ngozi wanakunywa bia, halafu zikaja za Salvador nikadhani ni huku kwetu, mama kavaa nguo nyeupe kajifunga kilemba anakaanga bajia barabarani. Sasa nchi moja imekuwaje? Na ni kweli watu wa kusini wanataka kujitenga?

JIBU: Asante ndugu yetu wa Tanga. Kwenye bajia hujakosea hata kidogo, hizo wanaziita acarajé na ni bajia za kunde kabisa, kunde zinalowekwa zinatolewa maganda zinasagwa na kitunguu, ila wao wanakaangia mawese mekundu kama ya Kigoma, na upishi huo walikuja nao Wayoruba, watu wa Afrika Magharibi, waliopelekwa kule utumwani. Salvador ilijengwa 1549 ikawa makao makuu ya Wareno mpaka 1763, na mashamba ya miwa ya maeneo yale yalikula watu kwelikweli, Brazili nzima ilishushiwa Waafrika karibu milioni 5, hakuna nchi nyingine ya Amerika iliyofikia hapo. Walikuwemo na Waislamu, tena mwaka 1835 ndani ya Ramadhani waliasi pale pale Salvador.

Kusini ni habari nyingine. Wajerumani walifika São Leopoldo 1824, Blumenau ikaanza 1850, Waitaliano wakaanza kumiminika upande wa Caxias do Sul 1875, na hawa walipewa ardhi, wengine bure wengine kwa mkopo, kila familia na shamba lake, wakajenga makanisa na shule za lugha yao. Hapo ndo penyewe. Watu wanasema tofauti ni damu, mi nasema ni ardhi, maana mwaka huohuo 1850 ilipita sheria kwamba ardhi ya serikali lazima uinunue, halafu utumwa ukafutwa 1888 na mtu akatoka shambani mikono mitupu, ainunue na nini? Kisha leo unasikia eti kusini kumeendelea kwa sababu wana asili ya Ulaya, inaniuma sana hiyo, na kusini huko huko, Pelotas, viwanda vya nyama ya chumvi viliendeshwa na watumwa.

Zile kaptula nazo usizichukulie ni mila ya tangu mababu, Oktoberfest ya Blumenau, ile sherehe ya bia, imeanza 1984 mji ukijikwamua na mafuriko. Shule za Kijerumani zenyewe zilizimwa enzi za rais Vargas, kuanzia 1938, ndo maana leo wote wanaongea Kireno ingawa vijijini lahaja za wazee bado zipo. Na Kireno chenyewe kimejaa Ubantu, mama wa Blumenau mwenye macho ya bluu akimtaja kitinda mimba wake anasema caçula, neno la Kimbundu hilo, la Angola.

Kujitenga, ndio, kuna kikundi cha majimbo matatu ya kusini na 2016 waliandaa kura yao wenyewe, ila katiba ya 1988 kifungu cha kwanza kabisa inasema muungano wao hauvunjiki, kwa hiyo kura ile haikuwa na nguvu yoyote kisheria.