Ganesha: kwa nini kichwa cha tembo, na kwa nini anapelekwa mtoni

Mkuu, umeuliza mambo mawili: kwa nini Ganesha, mungu wa Wahindu, ana kichwa cha tembo, na kwa nini Wahindu wanamwabudu siku kumi kisha wanakwenda kumzamisha mtoni kana kwamba wamemchoka. Nilisoma Pune, mji wa magharibi mwa India, nikapanga chumba kwenye nyumba ya familia ya Kimarathi, na sikukuu yake, Ganesh Chaturthi, niliishuhudia sebuleni mwao. Mengi hapa nilisimuliwa na mama mwenye nyumba, ambaye wapangaji wote tulimwita Kaku.

Parvati, mke wa mungu Shiva, alitaka kuoga asisumbuliwe. Akajisugua mwili, na kwa taka za ile singo ya manjano akafinyanga mtoto wa kiume, akampa uhai, akamweka mlangoni. Shiva aliporudi, mtoto akamzuia, maana hakumjua. Majeshi ya Shiva yakashindwa naye, hadi Shiva mwenyewe akamkata kichwa. Parvati alipopata habari alitishia kuuangamiza ulimwengu. Ndipo Shiva akatuma watu upande wa kaskazini wamletee kichwa cha kiumbe wa kwanza watakayemkuta, naye akawa tembo. Mtoto akafufuka na cheo juu: mkuu wa majeshi ya Shiva, na aombwe kabla ya mungu mwingine yeyote. Kwa hiyo harusi au duka jipya huanza kwa jina lake.

Ipo simulizi nyingine, kwamba kichwa cha kwanza kiliteketea kwa jicho la Shani, mungu wa sayari ya Zohali, na mungu Vishnu ndiye aliyeleta cha tembo. Kaku alizijua zote mbili, ila ya mama na mlango ndiyo aliyoipenda.

Chakula chake ni modak. Unga wa mchele unasongwa kwa maji ya moto, unakandwa kwa samli, kisha unajazwa nazi iliyokunwa na kupikwa na sukari guru na iliki. Kaku alifinya mikunjo pembeni kwa ncha za vidole, akaikusanya juu ikawa kama kitunguu saumu, akaipika kwa mvuke. Kwa Ganesha huwekwa 21. Pamoja nazo huwekwa majani ya durva, aina ya nyasi, kwa sababu aliwahi kummeza Analasura, jitu la moto, na tumbo lake likapoa tu pale wahenga walipomletea majani hayo.

Usiku wa Ganesh Chaturthi hakuna anayeangalia mwezi. Ganesha alikuwa akirudi kutoka karamuni juu ya panya wake, panya akashtuliwa na nyoka, mungu akaanguka, tumbo likapasuka na modak zikatawanyika. Akamchukua yule nyoka akajifungia tumbo. Mwezi ukacheka, naye akaulaani: atakayeutazama usiku huo atasingiziwa. Hata mungu Krishna alisingiziwa wizi wa kito cha Syamantaka. Wajukuu wa Kaku walivuka ua wameinamisha vichwa kabisa!

Sasa mtoni. Sanamu ya udongo ikinunuliwa sokoni ni udongo tu. Kuhani au baba wa nyumba husoma maombi ya kumkaribisha mungu ndani yake, na tangu hapo anahudumiwa kama mgeni: maua mekundu, chakula, nyimbo asubuhi na jioni. Familia nyingine hukaa naye siku moja na nusu tu. Siku ya kuondoka wanaagana naye kwa maombi, wanaisogeza sanamu kidogo pale ilipo, na wanamwekea mtindi mkononi kwa ajili ya safari. Kinachoingia majini ni udongo ambao mgeni ameshauacha. Watu hupaza sauti, "Ganpati Bappa Morya" (Ganpati ni jina lake jingine), wakimwomba arudi mapema mwakani, na nilimwona Kaku akifuta machozi. Hapo neno lako "wamemchoka" halina nafasi, mkuu.

Maandamano makubwa unayoyaona kwenye video yana historia yake. Mwaka 1893, chini ya utawala wa Waingereza, Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India, alianza kuhimiza ibada hii ya nyumbani iwe ya hadharani, iwakutanishe watu wa matabaka yote. Pune hadi leo Kasba Ganapati, sanamu ya Ganesha ya mtaa wa Kasba, ndiye anayetangulia siku ya mwisho, ngoma za dhol na tasha nyuma yake, na msafara huweza kupita saa 24.

Kinachoniuma ni sanamu za plasta. Haziyeyuki upesi, na rangi zake huchafua maji. Familia yangu ya Pune hununua ya udongo na kuizamisha kwenye ndoo uani, kisha ule udongo unamwagwa kwenye vyungu vya maua.